Saido Ntibazonkiza: mkongwe aliyechukuliwa akiwa huru, nani alifaidika?

Katika Majengo, komine ya Karisimbi, ligi ya Tanzania inafuatwa kama ligi ya nyumbani. Sababu ni lugha. Mtu akifungua redio au simu, mtangazaji wa Dar es Salaam anaeleweka hata na mama aliyetoka Rutshuru jana, bila kungojea mtu wa kumtafsiria Kifaransa. Sababu ya pili ni watoto wa Congo waliocheza kule: Fiston Mayele, Henock Inonga, Jean Baleke, Maxi Nzengeli. Basi vijana wanagawanyika Yanga na Simba kana kwamba vilabu hivyo viko Birere.

Kati ya hoja zote za Yanga na Simba, kuna moja isiyokwisha. Inamhusu mtu ambaye si Mkongomani wala Mtanzania: Saidi Ntibazonkiza, Mrundi, anayejulikana kwa jina la Saido. Swali ni jepesi kuliuliza. Vilabu vilivyomchukua akiwa mtu mzima, asiye na mkataba, vilipata faida au vilipoteza muda? Wengi hujibu kwa kuhesabu mabao. Mabao peke yake hayatoshi, na historia ya mchezaji huyu inaonyesha kwa nini.

Saido alizaliwa Bujumbura tarehe 1 Mei 1987. Alianzia Vital'O, kilabu kikubwa cha Burundi, kisha akaenda Ulaya akiwa kijana: NEC ya Nijmegen nchini Uholanzi, Cracovia ya Poland, Akhisar ya Uturuki, Caen ya Ufaransa. Hiyo si safari ya mchezaji wa kubahatisha. Ila kama ilivyo kwa wengi wanaotoka katika maziwa makuu, Ulaya ilikwisha bila kelele, akarudi nyumbani Vital'O akiwa amevuka miaka 30.

Tarehe 11 Oktoba 2020, Burundi ilikwenda Dar es Salaam kucheza mechi ya kirafiki na Taifa Stars. Burundi ikashinda 1-0, na bao lilikuwa la Saido. Siku chache baadaye Yanga ikamsajili. Wakati huohuo Yanga ilikuwa imempokea kocha Mrundi, Cédric Kaze, baada ya kumfukuza Zlatko Krmpotić. Wapinzani walicheka. Walisema Yanga imenunua bao moja la kirafiki, na kwamba mtu wa miaka 33 huletwa mjini kuja kumalizia uzee.

Hapa inafaa kueleza kwanza mchezaji huru ni nani, maana neno hili linapitishwa redioni haraka mno. Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha hana kilabu cha kulipwa. Kilabu kinachomtaka kinazungumza naye mwenyewe: feza ya kutia sahihi, mshahara wa mwezi, nyumba, tiketi ya ndege. Kwa kilabu kisicho na feza nyingi hiyo ni njia nzuri, maana feza yote inakwenda kwa mchezaji, haipotei kwa kilabu kingine. Lakini kuna upande wa pili ambao mashabiki hawautazami. Mchezaji wa miaka 33 hauzwi tena. Kijana wa miaka 22 akicheza vibaya mwaka wa kwanza, unaweza kumngojea, ukamwuza mwaka wa tatu. Mkongwe hana mwaka wa tatu. Chochote atakachokupa lazima akupe sasa, na siku anayoondoka, anaondoka na kila kitu.

Kuna na mtu wa tatu ambaye hakai mezani: kilabu kilichomlea. Kwa sheria za FIFA, mchezaji anapouzwa kati ya nchi na nchi, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa vilabu vilivyomfundisha tangu miaka 12 hadi 23. Mchezaji akienda bure, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Nayo fidia ya mafunzo inakoma mchezaji akimaliza msimu wa miaka yake 23. Kwa hiyo Yanga ilipomchukua Saido akiwa huru, ekipe ya mtaani ya Bujumbura iliyomfundisha kupiga mpira haikuwa na cha kudai. Viongozi wa ekipe za Goma, zile kubwa kama DC Virunga na Dauphin Noir na zile ndogo zinazocheza juu ya changarawe ya volkano, wangefanya vizuri kuliandika hili kwenye daftari. Kijana akiondoka bila karatasi, bila leseni iliyohifadhiwa, hata akiuzwa baadaye kwa mamilioni, hakuna wa kusema alitoka wapi. Na katika mji ambao watu wamekimbia mara nyingi, karatasi ndizo za kwanza kupotea. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, Mei 2021 ikafika Buhene, na tangu mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, familia nyingi zimehama tena kwa mguu na mzigo wa kichwani. Cheti cha kuzaliwa kinabaki nyumbani pamoja na leseni ya mpira.

Turudi kwa Saido. Yanga ilimpata mtu wa aina gani? Hakuwa mkimbiaji. Mguu wake ulijua kuweka mpira unapotakiwa: faulo, kona, penalti, pasi ya mwisho. Wachezaji wa namna hiyo huzeeka polepole, kwa sababu kazi yao haitegemei mbio. Msimu wa 2020/21, Januari, Yanga ilichukua Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar kwa kuishinda Simba kwa penalti. Lakini Kaze alifukuzwa Machi 2021, na ligi ikaenda kwa Simba. Kuanzia Aprili ekipe ilikuwa mikononi mwa Mtunisia Nasreddine Nabi. Agosti akaja Mayele kutoka Vita Club ya Kinshasa, na Yanga ikabadilika kabisa. Msimu wa 2021/22 ilibeba ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, ubingwa wake wa kwanza tangu 2017, na kombe la shirikisho la nchi pia.

Saido alikuwa sehemu ya msimu huo karibu wote. Lakini alipokuwa ukingoni mwa ubingwa, mkataba wake ukaisha na Yanga haikumwongezea. Akaondoka kabla kombe halijainuliwa. Hapa mashabiki wa Yanga wa Majengo wana jibu lao tayari: kilabu kilimtumia vizuri, kikamwacha kwa wakati wake. Ukitazama karatasi tu, wana haki. Kilabu hakikulipa bei ya kumnunua, kikapata miezi kumi na minane hivi ya mguu wake, na alipoondoka kilikuwa kimekwisha kupata mfumo mpya. Huo ni usajili uliolipa. Ulilipa kiasi, kwa sababu makombe makubwa ya 2022 yana majina ya wengine mbele yake.

Tatizo ni yaliyotokea baadaye.

Katikati ya 2022 Saido alikuwa huru tena, sasa akiwa na miaka 35. Aliyemchukua ni Geita Gold, ekipe ya mji wa dhahabu upande wa Ziwa Victoria. Geita ilikuwa imetoka kumaliza msimu wake wa kwanza wa ligi kuu katika nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, bao moja mbele ya Mayele. Kwa hiyo katika miezi ya mwisho ya 2022 Geita ilikuwa na mfungaji bora wa mwaka uliopita na, bila mtu kujua, mfungaji bora wa mwaka unaokuja. Ekipe ndogo ya mkoani! Kisha dirisha dogo likafunguka. Mpole akaja kwetu Congo, Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi. Saido akaenda Simba. Geita ikabaki na hesabu zake.

Simba ilimtambulisha mwishoni mwa Desemba 2022. Tarehe 30 Desemba ikaifunga Tanzania Prisons 7-1: John Bocco alifunga matatu, Saido matatu. Tangu siku hiyo mashabiki wa Yanga waliacha kucheka. Miezi sita baadaye, Juni 2023, ligi ikiwa inaishia, Saido aliifunga Polisi Tanzania mabao matano katika mechi moja. Msimu ulipofungwa, yeye na Mayele walikuwa sawa: 17 kwa 17. Kiatu cha dhahabu kikagawanywa kati ya Mkongomani wa Yanga na Mrundi wa Simba, na wa pili alikuwa na miaka 36.

Hapo ndipo hoja ya Majengo inapowaka. Watu wa Simba wanasema: mtu aliyeachwa na Yanga kama gari bovu amelingana na mshambuliaji bora wa Yanga, tena akiwa kiungo. Watu wa Yanga wanajibu kwamba mabao matano kwa Polisi Tanzania ni mabao ya kuokota, kwa kuwa ekipe hiyo ilishuka daraja msimu uleule.

Wote wawili wanasema kweli, lakini uzito si sawa. Ukiondoa mechi mbili, ya Prisons na ya Polisi, mabao manane yanaondoka katika 17. Karibu nusu. Mfungaji ambaye karibu nusu ya mabao yake yametoka katika mechi mbili hajakubebea msimu. Amekubebea siku mbili. Upande wa pili, mabao tisa yaliyobaki, ya kiungo wa miaka 35 aliyebadilisha kilabu katikati ya msimu, bado ni mabao mengi katika ligi ya mechi 30. Viungo wengi wenye nusu ya umri wake wangeyashangilia.

Swali zito zaidi ni hili: mabao hayo yaliipa Simba nini? Ligi ya 2022/23 ilikwenda Yanga. Katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, Simba ilifika robo fainali ikaishinda Wydad 1-0 Dar es Salaam, ikapoteza 1-0 Casablanca, ikatolewa kwa penalti. Yanga mwaka uleule ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikalikosa mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini, na Mayele akawa mfungaji bora wa kombe lile kwa mabao saba. Ukiweka viatu viwili vya dhahabu mezani vinafanana. Kiatu cha Mayele kilikuwa na medali ya ubingwa kando yake.

Halafu kiliuzwa. Katikati ya 2023 Mayele alikwenda Pyramids ya Misri, na Yanga ikaingiza feza. Juni 2025 Mayele alifunga katika mechi ya pili ya fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns, Pyramids ikawa bingwa wa Afrika. Huo ndio mfano wa usajili uliolipa mara tatu: uwanjani, mezani, na kwa jina. Saido, kwa umri wake, hakuweza kuilipa Simba mezani hata kwa dola moja. Alichokuwa nacho ni uwanja peke yake.

Kwa hiyo Simba ilikuwa na uamuzi mmoja wa maana Juni 2023, siku ile kiatu kilipogawanywa: kumshukuru, au kuendelea naye. Ikaendelea. Na hapo, kwa maoni ya mwenye kuandika historia hii bila jezi, ndipo hesabu inapogeuka. Usajili wa Desemba 2022 ulikuwa mzuri, lakini kumbakiza kama nguzo msimu uliofuata kulitegemea kumbukumbu ya mabao matano ya Juni.

Msimu wa 2023/24 ulianza kwa Ngao ya Jamii, Simba ikaitoa Yanga kwa penalti kule Tanga baada ya 0-0, kipa Ally Salim akiwa shujaa. Tarehe 5 Novemba 2023 mambo yakapasuka: Yanga 5, Simba 1. Kocha Robertinho akafukuzwa siku chache baadaye. Akaja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka Aprili 2024 muda mfupi baada ya kulichukua Kombe la Muungano Zanzibar, Juma Mgunda akarudishwa. Simba ikamaliza ligi ya tatu, nyuma ya Azam kwa tofauti ya mabao, na kukosa Ligi ya Mabingwa. Saido aliendelea kufunga mwaka ule. Mguu haukuwa umesahau. Lakini ekipe nzima ilikuwa imezeeka pamoja: viungo waliopasia vizuri na kurudi polepole. Maxi Nzengeli, kijana wa kwetu, alifunga mawili katika zile tano, na mtu akitazama tena mechi ile anaona tatizo ni nafasi iliyoachwa wazi kati ya viungo na mabeki wa Simba. Si kosa la mtu mmoja. Ila ukijenga katikati yako juu ya watu wa miaka 36, mechi za namna hiyo unaziomba mwenyewe.

Katikati ya 2024 Simba iliwaacha wakongwe wake, Saido akiwamo, na Bocco pia. Akatoka kama alivyoingia, bila bei.

Tukimpima kwa kulinganisha, Meddie Kagere ndiye kipimo kikali zaidi. Simba ilimleta 2018 kutoka Gor Mahia akiwa amekwisha pita miaka 30, watu wakasema yaleyale ya uzee. Akafunga 23 msimu wa kwanza, 22 wa pili, na misimu yote miwili Simba ikawa bingwa. Hapo hakuna hoja. Upande wetu yupo Trésor Mputu, aliyerudi TP Mazembe kutoka Angola akiwa na miaka 31. Mwaka huo wa 2017 Mazembe ikachukua Kombe la Shirikisho la Afrika. Na yupo Clatous Chama, ambaye Yanga ilimchukua Julai 2024 mkataba wake wa Simba ulipokwisha, akiwa na miaka 33. Kelele zilikuwa kubwa kuliko za Saido. Yanga ikabeba ligi na kombe la nchi, lakini Chama hakuwa nguzo, akaenda Singida Black Stars baada ya msimu mmoja. Hiyo inafundisha kwamba kombe kuwa kabatini hakuonyeshi kwamba mkongwe ndiye aliyelileta, na kabati tupu halionyeshi kwamba alishindwa.

Basi nani alifaidika na Saido? Yanga ilifaidika bila kupenda kukiri. Simba ilifaidika kwa miezi sita, kisha ikalipia umri wake mwaka mzima. Mwenyewe alifaidika zaidi ya wote, na hilo wengi wanalisahau wakati wa kubishana: mtu aliyerudi kutoka Ulaya bila kilabu, aliyeachwa tena akiwa na miaka 35, alipata mshahara miaka minne mingine na kiatu cha dhahabu. Katika Majengo wapo wanaume wengi wa umri huo walioanza upya bila karatasi na bila kazi yao ya zamani, mwalimu anayesukuma chukudu, mfundi seremala anayeuza makala. Wanapomtetea Saido kwa sauti kubwa, huenda hawazungumzi juu ya mpira tu.

Aliyepoteza ni Geita Gold, na jina lake halitajwi hata kidogo katika hoja hizi. Ilimwamini mkongwe ambaye wakubwa walimtupa, ikampa miguu yake tena, kisha Desemba ikaondokewa na yeye na Mpole kwa mpigo. Msimu ule ilijikaza. Uliofuata, 2023/24, ilishuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Kilabu kidogo kinapomchukua mchezaji huru, kinanunua muda mfupi kwa bei nafuu, na wakubwa wanangoja waone kama muda huo umelipa. Ukilipa, wanakuja kuuchukua. Ekipe za Goma, zikipata siku ya kucheza tena kwa amani katika uwanja wa Unité, zitapelekewa wakongwe wengi wa namna hiyo, vijana wa zamani wa Kinshasa na Lubumbashi wanaotafuta msimu mmoja wa mwisho. Wawachukue. Lakini siku ya kutia sahihi, kabla ya kuuliza atafunga mangapi, mwenye kilabu aulize karatasi inasema nini juu ya Desemba.